Uliza Mwalimu wa Hesabu: Kona ya Shamba, Gia ya Lori na Chai ya Makambako

Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi kweli na karibu zote ni za difrensiesheni, nadhani kidato cha tano huko mashuleni wameshaifikia hiyo topiki na wa fomu siksi wanajiandaa na mtihani, sasa zote siwezi kuzijibu hapa ila nimechagua sita ambazo nikizijibu vizuri na wengine watakuwa wamejibiwa humo humo.

Kwa msomaji ambaye hii kitu ni ngeni kwake, panda basi Mbeya mpaka Iringa. Ukifika ukachukua kilometa zote ukagawanya kwa masaa yote unapata spidi ya wastani. Lakini ule mshale kwenye dashibodi ya dereva hauna habari na wastani, wenyewe unakwambia sasa hivi, hapa hapa Chimala, gari iko ngapi. Difrensiesheni ni kuutafuta huo mshale kwa hesabu, na uwe wa kitu chochote kile kinachobadilika, maji kwenye tenki, joto la chai, dawa mwilini. Zile kanuni mnazozilalamikia zinakuja pale vitu viwili au vitatu vinapobadilika kwa pamoja na unataka mshale mmoja wa vyote.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko fomu faivu PCM (fizikia, kemia na hesabu) hapa Iringa mjini. Hivi kwa nini vitu viwili vikiwa vimezidishwa huwezi tu kudifrensieti kila kimoja halafu ukazidisha majibu? Kwenye kujumlisha inakubali, huku inakataa. Tumeambiwa tukariri u'v + uv' basi, lakini mi sielewi imetoka wapi.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza maana wengi wanakariri wanapita. Kwanza hakikisha mwenyewe kwamba inakataa. Chukua x² mara x³, hiyo ni x⁵, na mshale wake ni 5x⁴. Sasa ukidifrensieti kimoja kimoja ukazidisha unapata 2x mara 3x², yaani 6x³. Havifanani kabisa. Na usione aibu, maana Gottfried Leibniz, yule Mjerumani ambaye pamoja na Isaac Newton wa Uingereza ndo tunawahesabu waanzilishi wa kalkulasi, mwezi wa 11 mwaka 1675 alikaa na makaratasi yake akajiuliza swali hili hili lako, akajaribu mfano, akaona haiendi. Alipokuja kuchapisha kazi yake mwaka 1684 kanuni ilikuwa imeshakaa sawa.

Sasa twende shambani. Tuseme una shamba la viazi mviringo huko Isyonje, urefu mita 40, upana mita 30, kwa hiyo mita za mraba 1,200. Kila mwaka unasogeza mpaka, urefu unaongeza mita 2 na upana unaongeza mita 1. Shamba linakua kwa kasi gani? Chora kabisa kwenye daftari, usifanye kichwani. Upande wa urefu umeongeza kipande chembamba cha 2 kwa 30, hicho ni 60. Upande wa upana umeongeza kipande cha 1 kwa 40, hicho ni 40. Halafu pale kwenye kona vipande viwili vinapokutana kuna kijisehemu kinabaki wazi, 2 kwa 1, hicho ni 2. Jumla 102, na ukihakiki, 42 mara 31 ni 1,302, imekubali.

Hivyo vipande viwili virefu ndo u'v na uv' yako, u ni urefu, v ni upana, na kile kialama ' maana yake ni mshale wa hicho kitu. Urefu unabadilika ukiwa umezidishwa na upana mzima, na upana unabadilika ukiwa umezidishwa na urefu mzima. Sasa ile kona imeenda wapi, mbona kwenye kanuni haipo? Fupisha muda. Badala ya mwaka mzima angalia sehemu moja ya kumi ya mwaka: urefu umeongezeka 0.2, upana 0.1, vipande virefu ni 6 na 4, kona ni 0.02. Gawanya kwa muda wenyewe, 0.1, unapata 100 na 0.2. Fupisha tena, sehemu moja ya mia, utapata 100 na 0.02. Unaona, ile 100 imekaa pale pale haiguswi, kona ndo inayeyuka. Mshale unaosema "sasa hivi" unabaki na 100 tu.

Na yule anayezidisha mshale kwa mshale anapata 2 mara 1, ambayo ni 2, yaani amechukua ile kona peke yake akaacha shamba lote. Halafu wewe ni wa PCM, angalia na vizio: mita kwa mwaka mara mita kwa mwaka inakupa mita za mraba kwa mwaka wa mraba, na hakuna shamba duniani linalokua kwa mwaka wa mraba. Fizikia ingekukatalia hata kabla hesabu haijakukatalia.

SWALI: Mwalimu shikamoo, mi nasoma BAM (Basic Applied Mathematics) huku Tukuyu, kwenye kanuni ya kwoshenti, ile ya kitu kugawanywa kwa kingine, u juu ya v, kila mtihani nageuza, sijui kinaanza cha juu au cha chini.

JIBU: Marahaba. Hii nakujibu kwa kifupi. Kila ukiwa na wasiwasi ijaribu kanuni yako kwenye 1/x kabla hujaitumia. Thamani ya 1/x inashuka x ikipanda, kwa hiyo mshale wake lazima uwe hasi. Ukiweka u = 1 na v = x kwenye u'v − uv' juu ya v² unapata 0 toa 1 juu ya x², ambayo ni −1/x², sawa kabisa. Ukiona umepata chanya ujue umegeuza. Ni sekunde kumi tu, fanya pembeni ya karatasi. Na kama siku hiyo imekutoka kichwani kabisa, geuza kugawanya kuwe kuzidisha, andika u mara v⁻¹, utumie kanuni ya prodakti ya yule mwenzako wa Iringa hapo juu. Utafika pale pale.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mi ni dereva wa malori, njia yangu ni Dar mpaka Tunduma. Binti yangu yuko kidato cha tano, nimeona kwenye daftari lake kaandika "kanuni ya cheni", nikamuuliza hiyo cheni inafunga nini, akacheka akashindwa kunieleza. Mi niliishia darasa la saba lakini napenda nimfuatilie mtoto.

JIBU: Salama ndugu yangu, na barua yako imenifurahisha kuliko zote, mzazi anayefungua daftari la mtoto tunamhitaji sana. Na nikwambie ukweli, hiyo kanuni unaiendesha kila siku.

Uko Kitonga unapanda na mzigo, umeweka gia nzito. Tuseme kwenye gia hiyo injini ikizunguka mara 6 propela shafti inazunguka mara 1, halafu difu nayo inapunguza tena, shafti ikizunguka mara 4 tairi linazunguka mara 1, na tairi likimaliza mzunguko mmoja lori limesogea mita 3. Swali: injini ikizunguka mara moja lori limesogea kiasi gani? Unazidisha tu, 1/6 mara 1/4 mara 3, unapata mita 0.125, yaani sentimeta 12 na nusu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika unakuwa unatembea mita 225 kwa dakika, ambayo ni kilometa 13.5 kwa saa, na nadhani kwa mzigo mzito pale Kitonga hiyo spidi unaifahamu vizuri.

Hiyo ndo cheni. Kitu cha kwanza kinasukuma cha pili, cha pili kinasukuma cha tatu, na ukitaka kujua cha kwanza kinamsukuma wa mwisho kwa kasi gani unazidisha kasi za katikati zote. Ukiacha hata pingili moja jibu limeharibika, ni kama kusahau difu ndani ya hesabu ya gia, lori litaonekana linakimbia mara nne ya ukweli.

Na unaweza ukaendelea kuunganisha. Tuseme barabara inapanda mita 6 kwa kila mita 100 unazotembea, kwa hiyo mita zako 225 za kila dakika zinakuinua mita 13.5. Hewa nayo, ukichukua wastani wanaoutumia watu wa hali ya hewa, inapungua joto nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Zidisha, 13.5 mara 0.0065, ni karibu nyuzi 0.088 kila dakika, na ukipanda hivo nusu saa ni kama nyuzi 2.6. Kuanzia mzunguko wa injini tumefika kwenye baridi ya dirishani, pingili kwa pingili. Siku yenyewe inaweza ikawa na upepo au mawingu yakabadilisha namba, lakini ndo maana ukitoka Ruaha Mbuyuni umekunja mikono ya shati, ukifika Ilula unaikunjua.

Sasa mwambie binti yako: akiona (3x² + 1)⁵, kile kilichoko nje ndo tairi na kilichoko ndani ndo injini. Aanze na cha nje, 5(3x² + 1)⁴, ndani asiguse, halafu azidishe na kasi ya kilichoko ndani, 6x. Jibu ni 30x(3x² + 1)⁴. Wanafunzi wengi sana wanaandika 5(3x² + 1)⁴ wanafunga kalamu, hao wamesahau difu. Mkae naye mezani umweleze kwa gia, nakuhakikishia atakumbuka mpaka chumba cha mtihani.

SWALI: Mwalimu, mi ni fundi wa bati hapa Mwanjelwa. Natengeneza vyombo vya wazi vya kunyweshea mifugo, nachukua kipande cha bati la pleni sentimeta 60 kwa 60, nakata vimraba vinne kwenye kona, nakunja juu, naunganisha. Kuna ubishi hapa kijiweni, mmoja anasema kata kona kubwa ili chombo kiwe kirefu kiingie maji mengi, mwingine anasema kata ndogo ili kitako kiwe kipana. Nani yuko sahihi?

JIBU: Fundi, hakuna aliye sahihi hapo, ila kila mmoja kashika nusu ya ukweli. Ukikata kubwa kina kinaongezeka lakini kitako kinaliwa pande zote mbili, na ukikata ndogo kitako kinabaki kipana ila maji hayana kina cha kukaa. Katikati kuna mahali pazuri kuliko pote na tunaweza tukapapata kabisa bila kuharibu bati hata moja.

Tuseme unakata x. Kina ni x, kitako kinabaki 60 toa 2x kila upande, kwa hiyo ujazo ni x(60 − 2x)². Sasa fikiria unaongeza x kidogo kidogo. Mwanzoni ujazo unapanda, baadaye unashuka, na pale juu kabisa kabla haujaanza kushuka kuna sehemu haupandi wala haushuki, mshale unasoma sifuri. Hiyo sifuri ndo tunaitafuta, na hapa kanuni zote mbili zinaingia kazini kwa pamoja, ya prodakti kwa sababu x imezidishwa na kitako, ya cheni kwa sababu kitako kiko ndani ya mraba. Inatoka (60 − 2x)² toa 4x(60 − 2x), ukipanga vizuri ni (60 − 2x)(60 − 6x). Iwe sifuri: x ni 30 au x ni 10. Ukikata 30 bati lote limeisha huna kitako, kwa hiyo jibu ni 10.

Kata sentimeta 10 fundi. Kitako ni 40 kwa 40, kina 10, sentimeta za ujazo 16,000, ambazo ni lita 16. Yule wa kona ndogo akikata 5 atapata lita 12 na nusu, yule wa kona kubwa akikata 15 atapata lita 13 na nusu. Bati ni lile lile, hela ile ile, tofauti ni zaidi ya lita mbili hadi tatu na nusu kwa kila chombo. Na huhitaji kurudia hesabu kila siku, kwa kipande chochote cha mraba jibu hutoka moja ya sita ya upande. Mteja akitaka lita 20, chukua kipande cha 65 kwa 65 ukate kama 10.8 utapata lita 20 na kidogo. Hapo nimehesabu bati lenyewe tu, ya kupindia ukingo na ya maungio unaijua mwenyewe uongeze.

SWALI: Kamwene mwalimu. Nauza chai stendi ya Makambako. Nimeona miaka yote, chai ikiwa ya moto sana inapoa haraka haraka, lakini ikishakuwa vuguvugu inakaa vuguvugu muda mrefu. Mwanangu anasoma sekondari anasema iko kwenye hesabu. Kweli?

JIBU: Kamwene mama. Kweli kabisa, na macho yako yameona alichokiona Newton, yeye alikiandika mwaka 1701 kwenye makala aliyoitoa bila kuweka jina lake. Kitu cha moto kinapoa kwa kasi inayolingana na tofauti kati yake na hewa iliyokizunguka. Tofauti ikiwa kubwa kinapoa mbio, tofauti ikipungua na mbio zinapungua.

Tuseme asubuhi ya mwezi wa 7 hewa ya hapo stendi ni nyuzi 10, na chai kwenye kikombe ni nyuzi 90. Tofauti ni 80. Na tuseme tofauti hiyo inachukua dakika 15 kufika nusu. Baada ya dakika 15 tofauti ni 40, chai iko nyuzi 50. Baada ya 15 nyingine tofauti ni 20, chai iko 30. Baada ya 15 nyingine, 20. Unaona mama, robo saa ya kwanza imepoteza nyuzi 40, ya pili 20, ya tatu 10 tu. Ile dakika ya kwanza kabisa inapoa kwa kasi ya nyuzi 3.7 hivi kwa dakika, na ikifika nyuzi 50 kasi yenyewe imebaki nusu. Chupa ya chai haibadilishi hii tabia, inachofanya ni kurefusha zile dakika 15 zikawa masaa.

Kwa mwanao: hapo ndo inapoingia ile namba e, 2.718 na kuendelea, kwa sababu eˣ ndo fankisheni ambayo ukiidifrensieti unapata yenyewe. Chai yetu ni T = 10 + 80e⁻ᵏᵗ, T ni joto la chai, t ni dakika zilizopita, na k ni namba inayoonyesha kikombe kinapoza haraka kiasi gani. Difrensieti kwa kanuni ya cheni, inatoka −k mara 80e⁻ᵏᵗ, na hiyo 80e⁻ᵏᵗ si ndo T − 10? Kwa hiyo kasi ni −k(T − 10), maneno yale yale ya Newton. Hiyo k kwa kikombe chetu ni 0.693 gawanya kwa 15, karibu 0.046 kwa dakika.

Na mlinganyo huu hauko kwenye chai tu. Dawa nyingi mwilini zinapungua hivi hivi, zikiwa nyingi kwenye damu zinaondoka kwa kasi, zikiwa chache zinaondoka polepole, ndo maana daktari anaandika kila baada ya masaa kadhaa na sio zote kwa mkupuo mmoja. Kaboni 14 iliyoko kwenye mifupa na mkaa wa zamani nayo inapungua hivo, ila nusu yake inachukua miaka 5,730, kwa hiyo wanaakiolojia wakipima kilichobaki wanajua kitu ni cha lini. Watu wananiuliza kama zile zana za mawe za Isimila pale karibu na Iringa zilipimwa kwa kaboni. Hapana, kaboni ikishapita kama miaka 50,000 imebaki kidogo mno kupimika, na Isimila ni ya zamani kuliko hapo, kwanza jiwe lenyewe halijawahi kuwa kiumbe hai kikaingiza hiyo kaboni.

SWALI: Mwalimu shikamoo, fomu siksi hapa Mbalizi. Kitabu kinasema mshale wa sin x ni cos x, na cos 0 ni 1. Nikajaribu kwenye kalkuleta, sin 1 gawanya kwa 1, nikapata 0.01745. Kitabu kimekosea au kalkuleta mbovu?

JIBU: Marahaba. Vyote vizima, ila kalkuleta yako iko kwenye digrii. Ile kanuni ni ya rediani tu. Rediani inapima pembe kwa urefu wa tao lenyewe, na pembe ikiwa ndogo sana sin yake inakuwa karibu sawa kabisa na tao, kwa hiyo mshale pale sifuri ni 1. Digrii moja ni π gawanya kwa 180, yaani rediani 0.01745, na hiyo ndo namba uliyoiona. Ni kanuni ya cheni imejitokeza yenyewe, umeingiza digrii ndani kwa hiyo lazima uzidishe na kasi ya kugeuza digrii kuwa rediani, ile pingili ya katikati. Na kumbuka ulijaribu kwa hatua kubwa ya digrii 1, ungetumia ndogo zaidi namba ingekaribia π/180 zaidi. Sasa bonyeza ubadilishe iende rediani, tafuta sin 0.01, utaona 0.00999983, gawanya kwa 0.01 unapata 0.999983. Jaribu tena na 0.001 uone inavyosogea kwenye 1, halafu siku ya mtihani kabla hujafungua karatasi angalia kwanza kalkuleta imekaa wapi.